Spika bila boksi: fundi wa Kegonga alikuwa sahihi

Leo naiweka programu kando. Nataka kuandika kuhusu ubao uliotobolewa tundu, na jinsi ulivyonifundisha kwamba historia ya teknolojia haiendi mbele kila siku. Wakati mwingine inazunguka na kurudi ilikotoka.

Kegonga, kwa wasioijua, ni mji mdogo wa Kuria Mashariki, Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Ni nchi ya mahindi na tumbaku. Kabla nyaya za umeme hazijafika nyumba nyingi, muziki ulitoka kwenye redio ya gari iliyounganishwa na betri ya gari, na spika zilikuwa za gari pia: zile za umbo la yai, inchi 6 kwa 9, zenye twita ndogo iliyosimama katikati ya koni.

Fundi mmoja wa redio pale alikuwa na jozi yake. Hakuzitengenezea boksi. Alitoboa tundu kwenye mbao mbili pana zilizotoka kwenye mlango wa zamani, akafunga spika kwa skrubu, akaziegemeza mbali kidogo na ukuta. Nyuma wazi kabisa.

Mimi nilikuwa nimetoka kusoma kompyuta, nikijiona najua kila kitu :-) Nikamwambia, "Mzee, hizi zinataka boksi." Akasema, "Haya kijana wangu, tengeneza." Nikatengeneza maboksi mawili madogo ya plaiwudi, nikayaziba vizuri na gundi. Besi ikaanza kuvuma kwa noti moja tu, na mwimbaji akasikika kama anaimba ndani ya mtungi. Mzee alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Hakusema neno. Akachukua bisibisi, akarudisha spika kwenye mbao zake.

Nilidhani ni ubishi wa wazee. Ilinichukua miaka kujua kwamba mshamba pale nilikuwa mimi.

Mwanzo hapakuwa na boksi

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1915 Peter Jensen, Mdenmaki, na mwenzake Edwin Pridham walionyesha watu wa San Francisco kipaza sauti chao chenye koili inayotembea ndani ya sumaku. Kilitumia pembe kubwa kama ya gramafoni, na hapo ndipo jina Magnavox lilipopata umaarufu.

Spika tunayoijua leo, yenye koni ya karatasi isiyo na pembe, ilitokana na kazi ya Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric. Walitoa maelezo yao mwaka 1925, na mwaka uliofuata RCA ikaanza kuuza spika ya namna hiyo.

Rice na Kellogg walilijua tatizo ambalo kila fundi anakutana nalo. Koni ikisukuma hewa mbele, kwa nyuma inaivuta. Mawimbi hayo mawili ni kinyume. Yakikutana yanauana, na besi ndiyo hufa kwanza. Dawa rahisi ni kufunga spika kwenye ubao, ili wimbi la nyuma lisafiri njia ndefu kabla ya kukutana na la mbele.

Kwa miaka mingi redio za nyumbani zilifuata njia hiyo hiyo. Redio ya valvu ilikuwa kasha la mbao lenye uso mbele, na nyuma kadibodi yenye matundu mengi ili joto litoke. Kisauti, ile ni spika ya ubao uliokunjwa pembeni. Waliokulia kwenye nyumba yenye redio kama hiyo wanaikumbuka sauti yake: besi haikuwa nyingi, lakini mtangazaji alikuwa kama yumo chumbani.

Huku kwetu Afrika mambo yaliendeshwa na bei. Mwaka 1949, kule Lusaka katika Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Harry Franklin wa idara ya habari alifanikiwa kupata redio ya betri ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Ilitengenezwa na Ever Ready, na umbo lake lilikuwa la sufuria ya alumini, ndiyo maana ikapewa jina la sufuria. Ilikuwa pauni 5, betri mbali. Hakuna aliyeuliza kama sufuria ni kasha zuri la spika. Lililokuwepo ndilo lililotumika.

Boksi likashinda

Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss, huko Cambridge, Massachusetts, walianza kutengeneza AR-1. Villchur aliifunga spika ndani ya boksi dogo lisilopitisha hewa, na hewa hiyo iliyofungwa ikawa springi ya koni. Kutoka kwenye boksi la kuweka juu ya rafu ilitoka besi ambayo zamani ilihitaji kabati zima.

Muda mfupi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, zikaja sahani za stirio. Sasa kila nyumba ilihitaji spika mbili, na nani ana nafasi ya makabati mawili? Boksi dogo likashinda. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alichapisha hesabu za maboksi yenye tundu, na katika miaka ya 1970 Richard Small akazikamilisha. Tangu hapo ukisema spika, watu wanaona boksi.

Lakini angalia: boksi lilishinda kwa sababu ya nafasi. Hakuna aliyethibitisha kwamba ubao unaharibu sauti.

Twita ndani ya woofa

Wakati huo huo kulikuwa na wazo jingine. Koni moja haiwezi kutoa sauti zote, kwa hiyo unatumia woofa na twita. Zikikaa mahali tofauti, kuna sauti ambazo zote mbili zinazitoa kwa pamoja, na masikio yako yako mbali zaidi na moja kuliko nyingine. Ukisimama unasikia hivi, ukikaa unasikia vile.

Basi ziweke mahali pamoja. Mwaka 1943 Altec Lansing walitoa spika yao ya Duplex, ambayo baadaye ilizaa 604, iliyotawala studio za Marekani kwa miongo mingi. Pembe ya twita ilipita katikati ya sumaku ya woofa. Mwaka 1947 Tannoy wa London walionyesha Dual Concentric, kazi ya Ronnie Rackham, ambapo koni ya woofa yenyewe ndiyo inayoendeleza pembe ya twita. Mwaka 1988 KEF wakaja na Uni-Q: sumaku mpya za neodimiamu zilikuwa ndogo na kali kiasi kwamba twita nzima ilienea kwenye shingo ya koni.

Spika ya gari ya inchi 6 kwa 9 ni binamu maskini wa ukoo huu. Twita yake imesimama kwenye kijiti mbele ya koni, na krosova mara nyingi ni kapasita moja tu. Lakini ni koaksiali, na iko kila duka la vipuri kuanzia Migori hadi Isebania.

Na hapa ndipo mzee alipokuwa sahihi. Spika nyingi za gari zimeundwa zifanye kazi mlangoni au kwenye rafu ya nyuma, bila boksi lake. Zikiwa wazi, koni haizuiwi sana inapofika kwenye noti yake ya asili. Ukiifungia kwenye boksi dogo, noti hiyo inapanda na kuvuma zaidi. Huo ndio mtungi nilioutengeneza. Kwenye ubao, ubao unapunguza besi na spika inaiongezea kidogo palepale. Vinasaidiana.

Hesabu kidogo

Chukua ubao wa upana wa sentimita 60. Wimbi la nyuma linatembea sentimita 30 kufika ukingoni na 30 nyingine kurudi mbele. Kuna kiwango ambacho chini yake ubao huo unaanza kuishiwa nguvu. Chini ya hapo unapoteza desibeli 6 kila oktava. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi ni Hz 41. Kufika hapo umepoteza desibeli nyingi, yaani kuirudisha kunataka nguvu ya umeme mara nyingi zaidi!

Kwa benga hilo si jambo dogo. Huu ni muziki wa kwetu. D.O. Misiani, aliyefariki mwaka 2006, alizaliwa upande wa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka, na bila gitaa la besi benga haitembei.

Faida nayo ipo. Ubao wazi unatoa sauti mbele na nyuma, lakini pembeni, juu na chini sauti karibu inajifuta. Kwa sauti ile ile masikioni mwako, chumba kinapokea theluthi moja tu ya nishati ambayo spika inayotoa sauti pande zote ingekimwagia. Sasa fikiria nyumba yenye paa la mabati lisilo na dari. Ile kelele inayorudi kutoka juu inapungua sana.

Nami ni mtu wa programu, kwa hiyo...

Siegfried Linkwitz, mhandisi wa Hewlett-Packard, aliandika mwaka 1976 kuhusu krosova za spika zisizokaa mahali pamoja. Ndizo krosova za Linkwitz-Riley, pamoja na mwenzake Russ Riley. Baadaye aliacha maboksi na hadi kifo chake mwaka 2018 alikuwa mtetezi mkubwa wa ubao wazi, kwa Orion na LX521.

Wengine waliunganisha mawazo yote mawili. Gradient wa Ufini, katika Revolution ya miaka ya 1990, waliweka koaksiali juu na woofa za wazi chini. Spatial Audio wa Marekani, miaka ya 2010, waliweka koaksiali kubwa moja kwa moja kwenye ubao.

Kilichobadilika ni hesabu kuwa rahisi. Twita ikiwa sentimita 10 nyuma ya woofa, inachelewa milisekunde 0.29. Kwa sampuli 48,000 kila sekunde, hiyo ni sampuli 14. Unaichelewesha woofa sampuli 14, basi. Miaka ya 1970 UREI walihitaji krosova maalumu ya Ed Long kuipatanisha 604. Leo ni mstari mmoja kwenye CamillaDSP, programu ya bure, ndani ya Raspberry Pi.

Programu haifanyi miujiza lakini. Besi unayoiongeza koni ndiyo itakayoibeba, na koni ya gari haitembei mbali. Kwa hiyo ukate chini ya Hz 100 hivi, na kazi hiyo uipe woofa kubwa kwenye ubao wake. Kumbuka pia kwamba twita ya koaksiali haitoi sauti nyuma, kwa hiyo hizo faida za ubao zinahusu sauti za chini na za kati.

Mzee hakuwa na Raspberry Pi wala hakumsoma Rice na Kellogg. Alikuwa na mbao, spika za gari na masikio. Alijaribu, akasikiliza, akachagua. Mimi nilileta boksi kwa sababu picha zote nilizoziona zilikuwa na boksi.

Kama una jozi ya spika za gari na ubao uliobaki, jaribu wikendi hii. Ziache nyuma wazi, zisogeze angalau mita moja kutoka ukutani, kisha sikiliza sauti ya mtu. Usianze na besi. Ukiona unazipenda, utakuwa umefika mahali ambapo fundi wa Kegonga alifika bila kuambiwa na mtu.

Mpaka wakati mwingine.