Picha zetu zimeangukaje kutoka kwenye wingu?

Huku Leicester ni baridi. Najua nimekuwa kimya. Kwanza nilikuwa na zamu nne za usiku mfululizo, na mkijua kazi ya wodini mnajua kwamba baada ya hapo mtu anakuwa kama gunia la mkaa lililomwagwa. Lakini ukimya wa safari hii una sababu nyingine, na wengine mmeshaisikia juu juu kwenye simu: folda la picha za familia limepotea. Sio lote, lakini sehemu kubwa.

Shangazi wa Pangani akaniuliza swali zuri sana: "Kwani si ulisema umeziweka kwenye wingu? Sasa zimeangukaje?" Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikataka kumjibu kwa mistari miwili. Nikaona haiwezekani. Ili uelewe nilichokosea inabidi nikurudishe mpaka mwaka 1971, kwa hiyo chukua chai yako ukae.

Mwaka huo mtandao wa intaneti kama tunavyoujua haukuwepo. Kulikuwa na ARPANET huko Marekani, mtandao wa majaribio wa vyuo na maabara chache, ulioanza 1969. Kila chuo kina kompyuta kubwa kama kabati, na kila kompyuta ina lugha yake na namna yake ya kutunza mafaili. Mtu wa Boston akitaka faili la mwenzake wa California, mashine hazielewani. Hapo ndipo anaingia kijana mmoja wa Kihindi, Abhay Bhushan, aliyekuwa katika kundi la kwanza kabisa kuhitimu IIT Kanpur, mwaka 1965, kisha akaenda kusoma MIT. Tarehe 16 Aprili 1971 alitoa waraka wenye namba 114 katika mfululizo wa nyaraka ambazo wale mafundi walikuwa wakiandikiana ili kuombana maoni. Ndani yake akapendekeza utaratibu mmoja wa kuhamisha mafaili ambao kila mashine ingeweza kuufuata. Ukaitwa FTP.

Napenda kumkumbusha yule binamu yangu anayedai kompyuta ni kazi ya wazungu. Huyu alikuwa mhamiaji kama mimi, tena mgeni kwenye chuo cha watu, na alichokiandika kikatumika miaka hamsini!

FTP inavyofanya kazi ni kama sisi tunavyotuma mzigo kwa basi. Ukiwa Tanga unampigia mtu wa Dar simu: nimekutumia kapu la machungwa, upo stendi, haya liko njiani. Mazungumzo yanapita kwenye simu, machungwa yanapita kwenye basi. FTP nayo ina njia mbili, moja ya kuongea ("nifungulie folda fulani, nipe faili fulani") na nyingine ya kubeba mzigo wenyewe. Ikaonekana inafaa sana kiasi kwamba barua pepe za mwanzo zilikuwa zinapita humo humo, mpaka zilipoandikiwa utaratibu wao mwaka 1982. Kanuni za FTP zilipokuja kupangwa vizuri, mwezi Oktoba 1985, waliozipanga ni Jon Postel na Joyce Reynolds, na hizo ndizo zilizobaki kuwa msingi.

Tatizo lilikuwa moja. Simu ile haikuwa na siri. Neno lako la siri lilipita wazi wazi, na yeyote aliyekaa katikati ya njia angeweza kulisoma kama anasoma bango la barabarani. Walipoandika, watu wa mtandao ule walikuwa wachache na wanajuana, kama kijiji. Kijiji kikawa jiji. Mwaka 1995 chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, Finland, kilivamiwa na mtu aliyekuwa ananasa maneno ya siri ya watu, na mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akakasirika akatengeneza SSH, njia iliyofungwa kwa kufuli. Kutokana na hiyo ikaja SFTP. Majina yanafanana lakini ni vitu viwili, mmoja ni wa zamani bila kufuli, mwingine ni mgeni mwenye kufuli aliyeazima jina la jirani.

Basi mpaka hapo mtu ilibidi aandike amri kwa herufi kwenye skrini nyeusi. Sisi watu wa kawaida tusingeweza. Walioturahisishia ni watengenezaji wa programu za mezani, zile unazofungua kwenye kompyuta yako unaona mafaili kama vikaratasi, unashika kwa kipanya, unaburuta, unaachia. Hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1989 Jim Matthews wa chuo cha Dartmouth, Marekani, alitengeneza programu ya Macintosh inayoitwa Fetch, yenye picha ya mbwa, maana mbwa ukimtupia kitu anakwenda kukuletea. Programu ikawa mali ya chuo. Miaka ikapita, Matthews akaenda kwenye kile kipindi cha televisheni cha maswali, Who Wants to Be a Millionaire, akashinda, na fedha zile akazitumia mwaka 2001 kununua haki za programu yake kutoka chuoni. Wengine tungenunua kiwanja.

Mwaka huo huo, mwezi Januari, kijana wa Kijerumani, Tim Kosse, na wanafunzi wenzake wawili walianza kazi ya darasani ikawa FileZilla. Walijiuliza waiuze au waitoe bure, wakaona programu za namna hiyo zimeshajaa sokoni, nani atanunua? Wakaitoa bure na msimbo wake wazi. Leo ukimwuliza mtu yeyote aliyewahi kutengeneza tovuti, hata kwetu, atakwambia alianza na hiyo: dirisha la kushoto kompyuta yako, dirisha la kulia seva ya mbali. Ipo na Cyberduck, yenye bata, iliyoanzishwa na David Kocher wa Uswisi. Sijui kwa nini watu hawa wanapenda wanyama.

Mimi niliiona hii kitu kwa mara ya kwanza nikiwa sekondari, pale Tanga, kwenye intaneti kafe ya ghorofani tuliyokuwa tukilipa kwa nusu saa. Kaka mmoja wa pale alikuwa anapakia tovuti ya watu, picha moja inachukua muda wa kwenda kununua mihogo na kurudi. Wakati ule mawasiliano yetu yote ya nje yalikuwa yanapita kwenye satelaiti, ghali na ya kujikongoja, mpaka waya wa Seacom ulipofika pwani yetu mwezi Julai 2009. Niliona mstari unasogea, unasimama, umeme unakatika, na yule kaka hakasiriki hata kidogo. Umeme ukirudi programu inaendelea pale ilipoishia. Ule utulivu wake nimeukumbuka sana wiki hii.

Sasa tuje kwenye wingu. Tarehe 14 Machi 2006 kampuni ya Amazon, ambayo watu waliijua kwa kuuza vitabu, ilifungua huduma inayoitwa S3. Unawapa mafaili wanakutunzia, na wakati huo ulikuwa unalipa senti 15 za dola kwa kila gigabaiti moja kwa mwezi. Huhitaji kununua seva, huhitaji kumjua mtu. Baadaye wakafuata wengi, Dropbox mwaka 2008, Google Drive Aprili 2012, na kadhalika. Hilo neno wingu lisitudanganye jamani, ni majumba makubwa yenye mashine na feni, yana mlinzi getini. Na yanaanguka. Tarehe 28 Februari 2017 mfanyakazi mmoja wa Amazon alikosea amri moja tu wakati anarekebisha mfumo wa malipo, akaondoa seva nyingi kuliko alizokusudia, na kwa saa kama nne tovuti chungu nzima zikawa hazipatikani. Niliposoma hiyo nilimwonea huruma sana yule mtu, maana sisi wauguzi tunajua kosa la kidole kimoja ni nini.

Zile programu za kuburuta mafaili hazikufa. Zilijifunza. Cyberduck ikaanza kuongea na S3 na wenzake, na FileZilla nayo ikatoa toleo la kulipia linaloongea na wingu. Kwa hiyo mtu kama mimi niliyezoea madirisha mawili naendelea na madirisha mawili, tofauti ni kwamba upande wa kulia si seva ya rafiki tena bali ni wingu. Raha sana. FTP yenyewe ya 1971 ndiyo imestaafu taratibu: Firefox waliiondoa kwenye kivinjari chao Julai 2021, Chrome wakafuata Oktoba.

Lakini raha ile inaficha kitu, na hapa ndipo nilipoumia. Kwenye wingu la aina ya S3 hakuna folda. Kweli hakuna! Kila faili linakaa peke yake kwenye ndoo moja kubwa, lina jina refu, mfano "familia/2007/harusi/picha12", na programu yako ikiona ile mikwaju inakuchorea mafolda ili usichanganyikiwe. Ukibadilisha jina la "folda" lenye picha elfu tatu, programu inanakili picha zote moja moja kwa jina jipya, halafu inafuta za zamani. Kwenye kompyuta yako ni sekunde moja. Kule ni kuhamisha nyumba nzima sufuria kwa sufuria. Na ukifuta, hakuna ndoo ya taka ya kuokotea, isipokuwa kama uliwasha mapema kile kipengele cha kutunza matoleo ya zamani. Mimi sikukiwasha, kwa sababu kinaongeza bili, nami nikajifanya hodari wa kubana matumizi.

Kilichotokea ni hivi. Laptopu yangu ilikuwa imejaa, nikaondoa picha nyingi nikijua nakala ziko juu. Sawa. Wiki mbili baadaye, natoka zamu asubuhi, macho mekundu, nataka kupakia picha mpya alizonitumia mdogo wangu. Programu ikaniuliza nilinganishe pande mbili kwa njia ipi: kupakua, kupakia, au kuufanya upande mmoja uwe kioo cha mwingine. Nikaona kioo, nikasema ndiyo hiyo, kitu nadhifu. Maana yake halisi ilikuwa: chochote ambacho hakipo kushoto kifutwe kulia. Na kushoto nilikuwa nimeshaondoa! Nikabonyeza, nikaenda kulala. Nilipoamka saa tisa alasiri programu ilikuwa imemaliza kazi yake vizuri kabisa, bila kosa hata moja. Ilifanya nilichoiagiza.

Wodini hatumpi mgonjwa dawa ya hatari bila muuguzi wa pili kusoma karatasi na kuangalia chupa. Nyumbani nilikuwa muuguzi wa kwanza na wa pili, wote wamelala.

Niliwaandikia wenye wingu. Wakanijibu kwa adabu kwamba kilichofutwa na mwenyewe kimefutwa. Siwalaumu.

Sasa wapendwa, naomba msaada, na nawaomba mwambiane maana Baba mkubwa hasomi humu. Zilizopona ni za kuanzia 2015, zilikuwa bado kwenye laptopu. Zilizopotea ni hizi: harusi ya Mama mdogo mwaka 2007, picha za Baba akiwa hospitali na zile za siku arobaini, na kubwa kuliko zote ile sauti ya Bibi akisimulia walivyohama kutoka Lushoto, tuliyoirekodi kwenye kaseti na mimi nikaigeuza kuwa faili. Kaseti yenyewe mara ya mwisho niliiacha kwenye kabati la vyombo pale nyumbani, droo ya chini, kwenye kopo la Blue Band. Tafadhali mtu asiicheze kwenye redio yoyote kabla sijaja, mkanda ule ni mzee na redio mbovu itautafuna.

Harusi nakumbuka niligawa CD tatu. Moja alipewa Mama mdogo mwenyewe, moja ilienda Mombasa kwa Shangazi, ya tatu sikumbuki. Aliyenayo asiifute futa kwa kanga, aishike pembeni, ampe binamu wa Korogwe ambaye kompyuta yake bado ina mlango wa CD. Yeye ameshanikubalia kuziweka kwenye diski yake kwanza, na nyingine kwenye flashi atakayoifungia kabatini, ndipo anitumie mimi. Picha za kwenye simu msinitumie kwa WhatsApp kama picha, zinapungua ubora njiani. Tumeni kama faili.

Nimeshawasha kile kipengele cha matoleo ya zamani, bili imepanda kidogo. Na neno la siri la wingu amepewa mdogo wangu ili na yeye aweze kuingia. Kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba kuna folda liko tupu, nilifute? Nikamwambia usiguse kitu chochote mpaka nipige simu. Nipo mapumziko Jumatano, nitapiga baada ya Magharibi ya huko.