Nani Huuelezea Ukurasa? Metadata na Dondoo za Matokeo ya Utafutaji, 1995–2021

Insha hii inachunguza mabadiliko ya mamlaka ya kuuelezea ukurasa wa tovuti katika matokeo ya injini za utafutaji. Hoja yake kuu ni kwamba mwenye ukurasa amebaki na uwezo mkubwa zaidi wa kuzuia maelezo kuliko wa kuyaamua, na kwamba hata uwezo huo wa kuzuia una gharama.

Toleo la 2.0 la lugha ya HTML, lililochapishwa Novemba 1995, lilijumuisha kipengele cha META, ambacho hukaa mahali msomaji wa kawaida hapaoni. Mwezi uliofuata injini ya AltaVista ilizinduliwa. Injini hiyo ilionyesha maelezo yaliyoandikwa humo na mtunzi. Yalipokosekana, ilichukua maneno ya mwanzo ya ukurasa. Imani hiyo ilitumiwa vibaya na wenye tovuti waliojaza maneno yasiyohusiana na maudhui yao ili kuvuta wageni.

Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilitegemea zaidi dondoo zilizochaguliwa kutoka katika matini kwa kufuata maneno ya mtafutaji. Hivyo ukurasa mmoja uliweza kupata maelezo tofauti kwa maswali tofauti. Septemba 2009 kampuni hiyo ilitangaza kwamba lebo ya maneno muhimu haizingatiwi katika upangaji wa matokeo, ilhali lebo ya maelezo hutumika mara nyingine kama dondoo.

Kulikuwapo pia msemaji wa tatu: wahariri wa kujitolea wa Open Directory Project. Injini ziliazima maelezo yao, hata pale ambapo mwenye tovuti hakuyaridhia. Mwaka 2006 Microsoft na Google zilikubali lebo ya NOODP, iliyomruhusu kuyakataa. Saraka hiyo ilifungwa Machi 2017.

Uzito wa suala hili ulidhihirika nchini Ufaransa. Sheria ya Julai 2019 iliwapa wachapishaji wa magazeti haki ya kulipwa kwa matumizi ya maudhui yao mtandaoni. Septemba mwaka huo Google ilitangaza lebo mpya za kudhibiti urefu wa dondoo, na kueleza kuwa haitaonyesha dondoo za magazeti nchini humo bila idhini ya wachapishaji. Wengi waliitoa bila malipo, kwa kuwa kukosa dondoo kulimaanisha kupoteza wasomaji. Aprili 2020 mamlaka ya ushindani ya Ufaransa iliiamuru Google ijadiliane nao kwa nia njema. Julai 2021 iliitoza faini ya euro milioni 500 kwa kutotekeleza amri hiyo.

Kwa hiyo, metadata haiwezi kutazamwa kama suala la kiufundi pekee. Lebo humpa mtunzi njia ya kukataa, lakini anayemiliki mlango wa wasomaji ndiye huamua kukataa huko kutamgharimu nini.