Antena ya bisibisi: jinsi redio ya ridhaa ndani ya gari inavyoweza kutoka Sudi hadi mbali

Mwezi Mei 2024 pwani ya kusini ilipata funzo mara mbili katika muda usiozidi siku kumi. Kwanza kilipita Kimbunga Hidaya, tarehe 3 na 4. Mvua ikakata barabara kuu ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara katika wilaya ya Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Kisha tarehe 12 mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ikapata hitilafu, na intaneti ikazorota sehemu kubwa ya nchi.

Siku kama hizo, mtu aliyeko Sudi mwenye habari ya mgonjwa, ya chombo kilichopotea baharini au ya daraja lililozolewa na maji, ataipelekaje Dar es Salaam? Njia moja ni ya zamani kuliko simu ya mkononi: redio ya mawimbi mafupi. Katika makala hii tunaeleza namna redio hiyo inavyofanya kazi ikiwa ndani ya gari, kwa kutumia antena inayorefuka na kufupika kwa mota. Tunaeleza pia mipaka yake na sheria inayoihusu.

Kwa kifupi

- Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya redio yasiyo ya biashara, yanayofanywa na watu wenye leseni.
- Mawimbi mafupi hayahitaji mnara, laini ya simu wala intaneti.
- Antena ya mota humwezesha dereva kubadili bendi bila kushuka garini.
- Haishindi waya mrefu uliofungwa juu, lakini inakwenda popote gari linapokwenda.
- Kutuma bila leseni ni kosa. Kusikiliza tu unaweza kuanza leo.

Redio ya ridhaa ni nini?

Kama ilivyo kwa mchezaji wa ridhaa, mtu wa redio ya ridhaa hachezi kwa malipo. Hujifunza ufundi, hujenga au hununua mtambo wake, na huzungumza na wenzake wa nchi mbalimbali. Haruhusiwi kupiga muziki, kutangaza biashara wala kuendesha kituo cha matangazo kama chetu.

Kila mwenye leseni hupewa alama yake ya wito. Za Tanzania huanza na 5H. Nyingi za Bara huanza na 5H3, na za Zanzibar 5H1. Kabla ya hapo, Tanganyika ilitumia VQ3 na Zanzibar VQ1. Jirani zetu wa Kenya hutumia 5Z4, Msumbiji C9 na Komoro D6. Ukisikia alama hiyo hewani, unajua papo hapo sauti inatoka nchi gani.

Duniani, vyama vya watu hawa vimeungana katika umoja ulioanzishwa Paris mwaka 1925, unaojulikana kwa kifupi kama IARU. Masafa yenyewe hupangwa na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU. Afrika yote imo katika Kanda ya 1, pamoja na Ulaya.

Kwa nini Sudi inahitaji mawimbi mafupi?

Ghuba ya Sudi inaingia ndani, ina mikoko na imezungukwa na miinuko. Machi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani iitwayo Marie iliingia humo na kushusha silaha. Manowari za Waingereza ziliishambulia, lakini ikafanikiwa kutoka tena. Mahali pazuri kwa chombo kujificha ni pagumu kwa mawimbi ya redio yanayosafiri kwa mstari ulionyooka.

Simu za upepo za mkononi, zile zinazotumiwa na walinzi na baadhi ya vyombo vya baharini, hutumia mawimbi ya aina hiyo. Kilima kikikaa katikati, mawasiliano hukatika. Hata kwenye tambarare, gari kwa gari hufikia makumi ya kilomita tu.

Mawimbi mafupi yana njia nyingine. Hupanda angani, hugonga tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, kisha hurudi chini mbali na yalikotoka. Kilima cha Sudi hakiyazuii kwa sababu yanapita juu yake. Kutoka Sudi hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 380 kwa mstari ulionyooka. Moroni, kule Komoro, ni karibu kilomita 400. Mchana, bendi ya mita 40 inafaa sana kwa umbali kama huo.

Tatizo la urefu

Wasikilizaji waliozoea redio za mawimbi mafupi wanakumbuka mita 25, 31 na 49. Namba hizo ni urefu wa wimbi lenyewe. Ukitaka kuujua, gawanya 300 kwa namba ya megahezi.

Antena ya kusimama hufanya kazi vizuri ikiwa na urefu wa robo ya wimbi:

- Bendi ya mita 80 (megahezi 3.5 hadi 3.8): mita 20 hivi.
- Bendi ya mita 40 (megahezi 7.0 hadi 7.2): mita 10 na nusu hivi.
- Bendi ya mita 20 (megahezi 14.0 hadi 14.35): mita 5 na kidogo.
- Bendi ya mita 10 (megahezi 28.0 hadi 29.7): mita 2 na nusu hivi.

Huwezi kusimamisha nguzo ya mita 10 juu ya Land Cruiser na kupita nayo chini ya miembe na nyaya za umeme. Kwa hiyo mafundi hufupisha antena, na sehemu iliyopungua huifidia kwa koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Koili huifanya fimbo fupi "ijione" ndefu.

Ila koili moja inafaa bendi moja tu. Zamani dereva alisimama, akashuka, akafungua koili ya mita 40 na kufunga ya mita 20. Mvua ikinyesha au usiku ukiingia, kazi hiyo ilikuwa adha.

Bisibisi iliyogeuka antena

Mmarekani Don Johnson wa California, alama yake ya wito W6AAQ, ndiye aliyeipa umaarufu dawa ya tatizo hilo. Alichukua mota ya bisibisi ya umeme inayotumia betri na kuiweka ndani ya bomba la chuma. Tangu hapo antena za aina hii huitwa antena za bisibisi, hata zile zinazotengenezwa sasa kwa mota nyingine.

Zinafanya kazi hivi. Chini kuna bomba la chuma lililofungwa kwenye gari. Ndani yake kuna koili ndefu, na juu ya koili imefungwa fimbo nyembamba, mara nyingi ya mita 1 na nusu hadi 2. Mota ikizunguka upande mmoja, skrubu ndefu huisukuma koili itoke nje ya bomba. Mdomoni mwa bomba kuna vidole vya chuma vinavyoigusa koili. Mizunguko iliyobaki ndani ya bomba haifanyi kazi. Iliyotoka nje ndiyo inayohesabika.

Koili ikitoka zaidi, antena hushuka kwenye masafa ya chini, mita 40 au 80. Ikirudi ndani, hupanda kwenye mita 20, 15 hadi 10. Dereva huhitaji kitufe kimoja tu chenye alama ya juu na chini.

Namna ya kuitega

1. Simamisha gari mahali pa wazi, mbali na nyaya za umeme. Funga milango na buti.
2. Chagua masafa kwenye redio, kisha sikiliza. Endesha mota huku ukisikiliza mvumo. Mvumo ukiongezeka ghafla, umekaribia mahali sahihi.
3. Hakikisha hakuna mtu anayezungumza kwenye masafa hayo.
4. Punguza nguvu hadi wati 5 au 10, tuma, na utazame kipimo cha nguvu inayorudi, ambacho kwenye redio nyingi huandikwa SWR.
5. Sogeza koili kidogo kidogo hadi kipimo kishuke. Moja kwa moja ndiyo bora kabisa. Chini ya 1.5 ni salama. Kikizidi 2, usiongeze nguvu.
6. Acha kutuma, kisha rudisha nguvu ya kawaida.

Kwenye mita 40 na 80 antena hii ni "nyembamba". Ukihama makumi machache tu ya kilohezi, lazima uitege upya. Mota inasaidia hapa pia: unagusa kitufe sekunde chache na unaendelea na mazungumzo.

Kinachoharibu kazi

*Ethi mbovu.* Bodi ya gari ni nusu ya pili ya antena. Kama kitako kimefungwa juu ya rangi au kutu, nguvu nyingi huishia kuwa joto. Kwangua rangi hadi chuma kionekane, na uunganishe buti, boneti, bomba la moshi na fremu kwa mikanda mipana ya shaba.

*Mahali pabaya.* Koili ikibanwa na bodi ya gari, antena hupoteza nguvu. Iweke juu kadiri inavyowezekana.

*Waya mwembamba wa betri.* Redio ya wati 100 hunywa karibu ampea 20 inapotuma. Vuta nyaya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na weka fyuzi karibu na betri. Usitumie tundu la kiberiti cha sigara.

*Mawimbi kurudi kwenye nyaya za mota.* Nyaya hizo zipitishwe mara kadhaa kwenye pete za feraiti, la sivyo redio itavuruga kitufe cha mota au vifaa vya gari.

*Chumvi.* Hili ndilo adui mkubwa wa pwani. Upepo wa bahari hula vidole vya chuma na skrubu. Osha antena kwa maji baridi, ikaushe, na uifunike kwa mfuko gari likiwa limeegeshwa. Mchanga ukiingia ndani ya bomba, mota hukwama.

Je, boti, bajaji na pikipiki?

Pikipiki na bajaji zina chuma kidogo mno cha kuwa ethi, na betri zake ni ndogo. Hatushauri.

Boti la mbao halina ethi lenyewe, lakini limekaa juu ya ethi nzuri kuliko zote, yaani maji ya chumvi. Bamba la shaba lililozama ndani ya maji, likaunganishwa na kitako cha antena, huleta matokeo mazuri. Antena yenyewe lazima ilindwe vikali dhidi ya maji.

Tuseme ukweli kuhusu nguvu yake

Kwenye mita 10 antena ya bisibisi inakaribia antena kamili. Kwenye mita 40, sehemu kubwa ya wati zako hupotea kwenye koili na ethi. Kwenye mita 80 hasara ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo gari likisimama kwa saa kadhaa, kuna njia bora na ya bei nafuu. Chukua waya wa mita 20, ukate katikati, kila upande ukipata mita 10, na katikati uunganishe kebo inayokwenda kwenye redio. Uvute kati ya minazi miwili kwa urefu wa mita 5 au 6 kutoka ardhini. Kwenye mita 40 mchana, waya huo utaishinda antena ya gari kwa mbali, na hasa kwa vituo vya Dar es Salaam na mikoa ya jirani, kwa kuwa unarusha mawimbi kuelekea juu. Kanuni ni fupi: ukiwa safarini tumia mota, ukitulia tumia waya.

Wakati wa dharura

Katika Kanda ya 1, watu wa ridhaa wamekubaliana kukutana kwenye masafa haya wakati wa maafa: kilohezi 3760 na 7110. Kwa dunia nzima ni 14300, 18160 na 21360. Ukiyasikia yanatumika kwa dharura, nyamaza na usikilize.

Kanuni za kimataifa huzuia vituo vya ridhaa kupeleka ujumbe wa watu wengine nje ya nchi, isipokuwa wakati wa dharura au msaada wa maafa. Ujumbe wa namna hiyo uwe mfupi: nani, yuko wapi, nini kimetokea, watu wangapi, nini kinahitajika. Uandike kwanza, kisha usome polepole mara mbili.

Leseni na usalama

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Usinunue wala kuagiza mtambo wa kutuma kabla ya kuwauliza masharti. Mtambo usio na kibali unaweza kutaifishwa, na mwenye nao kushtakiwa.

Usiguse antena wakati wa kutuma, maana huunguza ngozi. Usitume watoto wakiwa karibu nayo. Mvua ya radi ikikaribia, zima redio, chomoa kebo ya antena na usitumie waya uliotundikwa kwenye minazi.

Kwa kuanza leo

Kusikia hakuhitaji mota. Tafuta redio ya mawimbi mafupi yenye kitufe cha SSB, kwa sababu redio ya kawaida huzitoa sauti za ridhaa zikiwa zimekwaruza kama za bata. Funga waya wa mita 10 kwenye antena yake na uupitishe dirishani hadi mtini. Mchana zunguka kati ya 7000 na 7200, alasiri kati ya 14000 na 14350. Andika saa, masafa na alama ya wito unayoisikia. Baada ya mwezi mmoja utajua saa gani Sudi inasikia wapi, na ujuzi huo ndio atakaouhitaji kwanza yeyote atakayefunga mtambo garini.