Umbo la Ardhi na Wanazuoni Wetu

Ughaibuni watu wa kawaida hurusha puto lenye kamera kiasi cha kilomita 30 juu, nayo picha huonyesha upeo uliopinda. Hata hivyo wapo wabishao kuwa ardhi ni bapa.

Usidhani elimu hii ni ngeni kwa Waislamu. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliandika kuwa hapana imamu wa kutegemewa aliyekanusha umviringo wake. Al-Biruni (973–1048) aliukokotoa ukubwa wake kutoka kileleni mwa mlima.

Tazama Pangani: jahazi liendalo Unguja hupotea machoni mwili kwanza, tanga mwisho. Na Ramadhani, mtu wa Tanga hufuturu kiasi cha dakika 38 kabla ya ndugu yake wa Kigoma.

Basi mwanao akikuonyesha picha ile, usimkemee kwa jina la dini. Mfundishe waliyoyajua wazee wake.