Vichwa vya Wafalme Chini ya Mlima Meru

Mwaka 1935, Mfalme George wa Tano alipotimiza miaka 25 ya enzi yake, serikali ya Uingereza iliadhimisha siku hizo kwa kutoa krauni, sarafu pana ya fedha yenye uzito wa gramu 28 na ushei, upande mmoja kichwa cha mfalme na upande wa pili Mtakatifu George akimkanyaga joka kwa farasi wake. Na hata leo wakusanyaji wengi huanzia hapo. Lakini krauni haikuwa sarafu ya Tanganyika. Sherehe ile ilitufikia kwa stempu za posta, na sarafu yenye thamani kubwa kuliko zote katika soko la Arusha iliendelea kuwa shilingi.

Fedha nzito ilikuwa imetangulia pwani kabla ya wafalme hao. Riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyozidi kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780 miaka mingi baada ya yeye kufariki, ilipokewa Unguja na Pangani kwa sababu kila mfanyabiashara aliujua uzito wake, na sonara aliiyeyusha akafua vikuku. Baadaye ikaja rupia ya Bara Hindi yenye sura ya Malkia Victoria. Ama huku bara, misafara iliyopanda kutoka Pangani ilinunua pembe kwa nguo, shanga na masango, na kichwa cha mtawala aliye mbali hakikuwa na kazi.

Kilichokipa kazi ni kodi. Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka 1900, na rupia yao, iliyomwonyesha Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, ikawa ndiyo inayodaiwa kwa kila nyumba. Hata mwenye ng'ombe na mashamba ya migomba, aliyekuwa hahitaji sarafu kwa chakula chake, alilazimika kuuza mnyama au kuuza nguvu zake ili aipate.

Waingereza walipoitwaa Arusha mwaka 1916, na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilipoundwa London mwaka 1919, vichwa vilibadilika, na pamoja navyo madini. Florini ya 1920 ilikuwa na uzito ule ule wa rupia, gramu 11.66, ilhali nusu yake tu ilikuwa fedha, kwa kuwa bei ya fedha ulimwenguni ilikuwa imepanda mno baada ya vita. Na shilingi iliyofuata mwaka 1921, yenye simba na milima nyuma yake, ilibakiwa na robo. Mwaka 1948 hata robo hiyo ikaondolewa, na mwaka huo huo yakafutika ukingoni maneno yaliyomtaja George wa Sita kuwa kaisari wa India, maana India ilikwisha kujitawala. Mtu akizipanga sarafu hizi mezani kwa taratibu ya miaka, huiona himaya ikipungua fedha yake kwanza, kisha vyeo vyake.

Ajabu zaidi ni Edward wa Nane, aliyetawala mwaka 1936 kwa muda usiotimia mwaka, akajiuzulu kabla ya kuvikwa taji. Uingereza yenyewe haikupata kuzitoa rasmi sarafu zake zitumike, lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati, zilikwisha kupigwa kwa jina lake. Basi muuza ndizi wa Arusha alishika sarafu za mfalme ambaye mchuuzi wa London hakupata sarafu yake.

Kisha ukaja mgogoro wa ardhi ya Wameru. Mwezi wa Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili wapewe nafasi wafugaji wa Kizungu, na mwaka uliofuata Wameru walichanga fedha ili mwenzao Kirilo Japhet aende New York kuishitaki dhuluma hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Michango hiyo ilihesabiwa kwa shilingi zenye kichwa cha George wa Sita, mfalme ambaye serikali yake ndiyo iliyowahamisha.

Tangu mwaka 1966, Benki Kuu ilipofunguliwa na shilingi ya Tanzania ikatoka na sura ya Mwalimu Nyerere na mwenge, vichwa vya wafalme vimebaki katika makopo ya wazee na mikononi mwa wakusanyaji. Desturi ya wakusanyaji ni kuithamini sarafu kwa kadiri isivyoguswa, nayo ni desturi sahihi kwa krauni, iliyofanywa iwekwe. Lakini anayekusanya hapa Sokon, Arusha, asiidharau shilingi iliyolika hata pua ya mfalme haionekani. Asiisugue kwa majivu ili ing'ae, bali amwulize mwenyewe ilipatikana kwa kazi gani na ililipiwa nini, akayaandike majibu. Krauni yaweza kununuliwa mnadani siku yoyote. Habari hizo hupatikana maadamu mwenye kopo yu hai.