Majani Yaliyorudi Jikoni: Historia ya Keki ya Chai ya Viungo Katika Nchi ya Kapsoit

Kapsoit ni kituo cha biashara katika eneobunge la Ainamoi, kando ya barabara kuu inayotoka Kericho na kuteremka kuelekea Ahero na Kisumu, na mahali kilipo panaeleza mengi kuhusu vyakula vinavyopikwa katika nyumba zake. Upande wa juu, kuelekea mji wa Kericho ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, yametanda mashamba ya chai. Upande wa chini, barabara inapofika katika uwanda wa Nyando, ndiyo nchi ya miwa ya Muhoroni, Chemelil na Miwani. Keki ya chai ya viungo, yaani keki ya unga wa ngano inayochanganywa kwa maziwa yaliyochemshwa pamoja na majani ya chai, iliki, mdalasini na tangawizi, huchukua kitu kimoja kutoka kila upande wa barabara hiyo. Hata hivyo ni keki iliyochelewa mno kuzaliwa, kwa kuwa chai ilioteshwa kwa miongo mingi mbele ya macho ya watu ambao hawakuruhusiwa kuimiliki, na kuchelewa huko ndiko kunakostahili kuelezwa kwanza.

Kabla ya chai, mlo wa Wakipsigis, wenyeji wa nchi hii, ulisimama juu ya wimbi na maziwa: kimyet, ambao ni ugali wa wimbi, na mursik, ambayo ni maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kiitwacho sotet, baada ya kibuyu hicho kupakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet ili maziwa yapate harufu, rangi ya kijivu na uwezo wa kukaa siku nyingi bila kuharibika. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, nao wakajaribu kulima kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Bei ya kitani ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, mradi huo ulikufa. Ardhi haikurudishwa kwa wenyewe, bali ilipita mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yaliyoanza kazi Kericho katikati ya muongo huo. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, uliokuwa na uongozi wa kiroho miongoni mwa Wakipsigis na ukaogopwa na serikali kwa sababu hiyo hiyo, ulihamishwa kwa nguvu ya sheria hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Historia yoyote ya chai ya Kericho inayoruka matukio hayo na kuanzia kwenye uzuri wa majani ya kijani haijaanza mahali pake.

Mwafrika alikuwa mchumaji katika mashamba hayo, si mkulima. Hadi miaka ya 1950 kilimo cha chai kilikuwa haki ya walowezi na makampuni, na ulipokuja Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliokusudia kuwaingiza wakulima wadogo katika mazao ya biashara, ndipo miche ilipoanza kuingia katika mashamba ya familia. Chombo maalumu cha kusimamia kazi hiyo kiliundwa mwaka 1960, na mwaka 1964, Kenya ikiwa huru, mahali pake palichukuliwa na Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai, ambayo Wakenya wengi hadi leo huitaja kwa herufi zake tu, KTDA.

Lakini hata mkulima aliyekuwa na vichaka vyake mwenyewe hakuwa na chai nyumbani, na jambo hili huwashangaza wageni wa nchi ya chai. Majani mawili na chipukizi yanayochumwa asubuhi hayawezi kuachwa mpaka kesho yake. Ni lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo, yanyaushwe, yapitishwe katika mashine, yaachwe yageuke kutoka kijani hadi rangi ya shaba kwa kukutana na hewa, kisha yakaushwe kwa joto kali. Mashine zinazotumika zaidi Kenya hufanya kazi tatu kwa pamoja, kuponda, kurarua na kusokota, kwa mtindo uliobuniwa huko Assam, India, mwaka 1930, na matokeo yake ni chembe ndogo nyeusi zinazotoa rangi nzito kwa haraka sana. Mkulima hana nyenzo hizo. Hupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, hupimiwa, hupewa risiti, kisha baadaye hununua dukani pakiti ya chai ambayo huenda ndani yake mna jani lake mwenyewe, kwa bei ambayo si yeye aliyeipanga.

Namna ya kuipika chai hiyo haikutoka kwa Waingereza walioipanda. Mwingereza humimina maji yaliyochemka juu ya majani ndani ya birika, huyaacha kidogo, kisha huongeza maziwa kikombeni. Katika nyumba za Kericho maji, maziwa, majani na sukari huchemshwa pamoja katika sufuria moja mpaka chai ipande, ishushwe, ipande tena. Huo ni upishi wa Kihindi, na ulifika kwa njia ya reli iliyojengwa kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901 hadi Kisumu, kwa mikono ya zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India. Baada yao, na mara nyingi bila uhusiano wa kinasaba nao, walikuja wenye maduka, mafundi na wachukuzi ambao walieneza sukari, chumvi, nguo na chai hadi kwenye vituo vidogo vya bara. Kericho ilipata jumuiya ya Masingasinga yenye nguvu, na hekalu lao lililopo mjini, ambalo ni miongoni mwa mahekalu makubwa ya dini hiyo katika Afrika Mashariki, limeendeleza desturi ya kumkaribisha kila ajaye kwa chakula na chai bila malipo.

Viungo vyenyewe vilikuwa na njia zao. Karafuu ni zao la Unguja na Pemba tangu karne ya 19, iliki imelimwa katika milima ya Usambara, na pwani nzima ya Waswahili ilikwisha kuzoea kutia iliki na mdalasini katika vinywaji na vitafunio kabla bara halijaonja. Wakipsigis, wakiwa wafugaji, hawakuona ugeni wowote katika kinywaji kilichojaa maziwa. Kilichowachukiza, na kinachoendelea kuwachukiza wengi, ni chai isiyo na maziwa, ile inayoitwa strungi, ambayo humpa mgeni ishara kwamba ng'ombe hawapo au hawakamuliwi.

Keki ilifika kwa mlango mwingine. Kampuni ya Unga ilianzishwa mwaka 1908 na mlowezi Lord Delamere ili kusaga ngano ya nyanda za juu, na kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mwaka 1922, kwa hiyo unga na sukari vilikuwa karibu na Kapsoit hata kabla ya vichaka vya chai vya Kericho kukomaa. Mwaka 1928 wanawake wa kanisa la St Andrew's la Nairobi walichapa kitabu cha mapishi kwa ajili ya nyumba za walowezi, na walioyatekeleza mapishi ya namna hiyo mbele ya tanuri la kuni walikuwa wapishi wa Kiafrika. Ujuzi wa mpishi ulikaa jikoni kwa bwana wake, kwani nyumbani kwake hakukuwa na tanuri wala siagi. Kuanzia mwaka 1952 vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, ambavyo mwanzoni viliwekwa chini ya mkono wa serikali ya kikoloni, vilifundisha ushonaji, usafi na uokaji, na bila kujali nia za walioviasisi, wanawake waliutwaa ujuzi huo wakaufanya wao.

Kilichobaki kutatuliwa kilikuwa moto. Keki huhitaji joto linalotoka pande zote, na jiko la makaa hutoa joto la chini peke yake. Pwani jibu lilikwisha kujulikana: mkate wa mayai na mkate wa kumimina huokwa kwa kupalia makaa, maana yake kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko huku mengine yakibaki chini. Nyumba za bara hutumia mbinu hiyo hiyo kwa sufuria mbili. Kubwa hutandazwa mchanga mkavu au vijiwe, ndogo yenye rojo la keki huketishwa juu yake bila kugusa kuta, mfuniko mzito wa bati hufunika, na makaa hupangwa kando kando ya mfuniko kuliko katikati, kwa sababu katikati huungua kwanza. Mpishi mzoefu hafunui. Hungoja harufu, na inapobadilika kutoka ya mayai mabichi hadi ya sukari iliyoungua kidogo, huchoma keki kwa kijiti kikavu ili aone kama kitatoka safi. Jiko la kauri lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lenye bitana ya udongo uliochomwa, lilihifadhi joto na kupunguza makaa, hivyo saa moja ya kuoka ikawa gharama inayobebeka. Si haki kuiita keki ya sufuria mbadala wa keki ya oveni. Ina ganda lake jeusi la chini na kifua chake kilichopasuka, na walioizoea huikosa katika keki za madukani.

Chai huingia katika rojo kwa taratibu inayotofautiana kidogo na ya kinywaji. Iliki hupondwa kinuni pamoja na maganda, tangawizi hutwangwa, mdalasini huvunjwa vipande, vyote huchemshwa kwanza katika maziwa peke yake, kwa kuwa mafuta ya maziwa ndiyo hubeba harufu zao; majani huongezwa mwishoni, kwa dakika chache tu. Chembe za chai zilizosagwa kwa mashine hutoa ukakasi upesi, nao ukizidi hushinda sukari na kuacha ulimi mkavu. Maziwa huchujwa, huachwa yapoe kabisa yasije yakaivisha mayai, kisha hukunjwa taratibu ndani ya unga, sukari na majarini. Mwinuko nao hudai haki yake: hewa ikiwa nyepesi, keki huumuka haraka kisha hubonyea, na ndiyo maana kipimo cha bekingi pauda kinachofaa Mombasa huwa kikubwa mno Kericho.

Kutia chai katika kitu cha kuoka si uvumbuzi wa nchi moja. Huko Wales na Ireland matunda makavu huloweshwa katika chai baridi usiku kucha kabla ya kuchanganywa na unga. Tofauti ni kwamba kule chai kwa kawaida ni bidhaa iliyonunuliwa, ilhali katika vilima vya Kapsoit anayeichuja katika maziwa mara nyingi ndiye aliyeichuma. Katika koito, sherehe ambayo familia mbili za Wakipsigis hukubaliana juu ya mahari na kuubariki uchumba, keki siku hizi huweza kuonekana kwenye meza moja na vibuyu vya mursik. Kilo moja ya chai iliyokaushwa hutokana na kilo nne hadi tano za majani mabichi, hivyo gramu 20 zinazotosha keki moja ya nyumbani zilikuwa, asubuhi ya kuchumwa kwake, takriban gramu 90 za majani mawili na chipukizi, mzigo usiofunika hata chini ya kapu la mchumaji.