Saratani Isiyosubiri

Oktoba 2004, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitangaza kwamba Jaji Mkuu William Rehnquist anaugua saratani ya thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo, chini ya kongomeo. Aina yake haikutajwa. Lakini madaktari wengi waliposikia kuwa ametobolewa koo apate kupumua, na kwamba anapewa mionzi pamoja na tibakemikali, walihisi ni anaplastiki. Januari alimwapisha Rais George W. Bush. Septemba 2005 akafariki.

Saratani nyingi za thairoidi huenda polepole na hupona kwa upasuaji na iodini yenye mionzi. Anaplastiki, inayowapata wagonjwa wasiozidi 2 katika kila 100, ni ugonjwa mwingine kabisa. Seli zake zimepoteza uwezo wa kufyonza iodini, na uvimbe hukua kwa wiki chache hadi kukaba njia ya hewa. Kwa miongo mingi, nusu ya wagonjwa hawakumaliza nusu mwaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jae Ho Kim na Robert Leeper wa hospitali ya Memorial Sloan-Kettering, New York, waliunganisha mionzi na dozi ndogo za doksorubisini kila wiki, ili dawa izidhoofishe seli kabla ya mionzi kuzipiga. Shingoni uvimbe ulinywea kweli. Wagonjwa waliendelea kufa, kwa sababu saratani ilikuwa imekwisha kufika mapafuni.

Mlango mwingine ulifunguka mwaka 2002, watafiti wa Uingereza walipogundua hitilafu ya jeni ya BRAF katika saratani kadhaa. Baadaye ilionekana kwa takriban wagonjwa 4 kati ya 10 wa anaplastiki. Dawa ya dabrafenibu huizima BRAF, ila seli hutafuta njia ya kuikwepa. Nyingine, trametinibu, huizima MEK, protini inayofuata BRAF katika mnyororo wa ishara za seli. Kati ya wagonjwa 16 wa kwanza waliopewa dawa hizo mbili pamoja, uvimbe ulipungua sana kwa 11. Mei 2018 Marekani ikaziidhinisha.

Mageuzi makubwa zaidi, hata hivyo, yalikuwa ya mpangilio wa matibabu. Katika kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, dawa hizo zilitangulia upasuaji, na uvimbe ulioonekana haukatiki ukapungua hadi ukakatika. Asilimia 94 ya wagonjwa hao wachache waliofikia upasuaji walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Wasio na hitilafu ya BRAF bado hutegemea zaidi mionzi na tibakemikali.